Gudwili ya veranda ni ya nani? Kisa cha jengo moja la zamani Kisumu

Kisa hiki ni cha watu wanne waliofanya biashara chini ya paa moja katikati ya Kisumu, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga, mpaka jengo lilipouzwa, likabomolewa na kupisha jumba la vibanda vya vioo. Mimi ni mmoja wa wale ambao wafanyabiashara wadogo huwaletea barua wanazoogopa kuzifungua, kwa hiyo nilikifuata tangu notisi ya kuhama hadi mabati yalipozungushwa kwenye ploti. Majina nimeyaondoa, na mambo mawili matatu nimeyachukua kwa majengo jirani ili mtu asitambulike. Mwendo wake sikuhitaji kuuazima popote. Mji mzima unaujua. Na gudwili ninayoiuliza ni ile thamani ya kujulikana mahali na wateja kurudi pale pale.

Ndani ya duka alikuwa Mama, muuza vitambaa. Kwenye veranda, kulia kwa mlango, alikuwa Fundi na cherehani mbili za kukanyaga, na ya tatu ya ovaloki, ya kufunga kingo za kitambaa, iliyotumia umeme wa Mama. Kushoto kijana mmoja alikuwa na meza ya vifungo, zipu, uzi na lastiki. Mwisho wa veranda, kwenye ngazi, alikaa mzee wa viatu, ambaye alikuwa pale kabla ya wote.

Ukitaka kuelewa walichokuwa nacho, mfuate mzazi wa mwezi wa Januari. Anashuka kwenye matatu kutoka Ahero na watoto wawili na orodha ya shule mkononi. Anaingia kwa Mama, anataja jina la shule, na Mama haombi sampuli. Anajua kwamba shule hii kijivu chake kimekolea, ile ya jirani inavaa cha kupauka, na ya tatu ilibadilisha rangi ya marinda baada ya kuletewa mwalimu mkuu mpya. Anapima, anakata, anakunja. Kitambaa hakitiwi hata mfukoni, kinapitishwa dirishani kwa Fundi. Fundi anavua kamba ya kupimia shingoni, anampima mtoto na kuongeza inchi mbili za pindo, maana anajua mzazi hatarudi mwaka ujao kununua suruali nyingine. Kisha anamtuma mtoto huyo huyo kwa kijana wa vifungo: “Mwambie akupe vya shati, na zipu ya inchi saba.” Wakati huo mzazi amekumbuka kwamba kiatu cha mdogo kimeachia soli, na mzee yuko hatua chache tu. Saa kumi jioni anapitia mzigo wake na kuwahi matatu ya kurudi. Pesa zake zimegawanywa mara nne bila yeye kutoka kivulini, na kivuli Kisumu si jambo dogo: mchana jua la ziwani linachoma, na alasiri mvua inaweza kushuka bila kubisha hodi.

Daftari la Fundi nalo lilikuwa sehemu ya mtambo huo. Lilikuwa daftari la shule la kurasa mia mbili, na kila mteja alikuwa na mistari yake: jina, namba ya simu, kifua, kiuno, urefu, na pembeni kipande cha kitambaa cha ukubwa wa stempu kilichobanwa kwa pini ya stepla. Mtu angepiga simu kutoka Bondo na kusema, “Fundi, nishonee kama ile ya harusi ya dada,” naye angefunua kurasa mpaka akutane na kile kipande. Madaftari yaliyojaa aliyaweka kwenye boksi la kadibodi chini ya meza, la zamani zaidi likiwa chini kabisa. Kumbuka hilo boksi.

Miezi isiyo ya sare, Fundi aliishi kwa mitumba. Wengi husema mitumba iliwaua mafundi, na kwa wale waliotegemea kushona suti nzima ni kweli. Huyu ilimlisha. Mtu alinunua suruali soko la Kibuye, ikamzidi kiuno na urefu, akaja nayo kwenye veranda kupunguziwa. Kazi ndogo, ya papo hapo, na kila anayesubiri suruali yake husimama akitazama vitambaa vya Mama kupitia mlango ulio wazi.

Mpango wa kodi ndio uliokuja kuwaponza. Mama alilipa kodi kwa familia yenye jengo na kupewa risiti kila mwezi. Fundi alimlipa Mama, mara kwa pesa taslimu, mara kwa kumshonea mapazia au sare za watoto wake, mara kwa “tutahesabu mwisho wa mwezi”. Kijana wa vifungo alimpa Fundi kitu kidogo cha nafasi ya meza. Mzee wa viatu hakumlipa mtu. Alifika wa kwanza asubuhi, akafagia veranda, akalinda mizigo ya wenzake watokapo kwenda kula, na hiyo ndiyo iliyokuwa kodi yake. Kwa watu wanne kulikuwa na mnyororo mzima wa malipo, na ni pete moja tu ya mnyororo huo iliyokuwa na karatasi.

Mtaa ulivyopatikana

Wanaoposti picha za mtaa huu wa zamani husahau kwamba nao ulianza kwa watu kupanguliwa na kupangwa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na biashara ya ziwa ikazaa mitaa ya maduka ya Wahindi: kuta za mawe, paa la mabati, familia ikilala nyuma ya duka au juu yake, na mbele veranda ya kumkinga mteja. Mnara wa saa ulio katikati ya mji ni ukumbusho wa Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871, uliotolewa na wanawe na kuzinduliwa na Gavana Brooke-Popham mwaka 1938. Pesa za maduka ndizo zilizojenga hata hiyo saa. Mwafrika wa enzi hizo alikuja mtaani humo kununua, kubeba mizigo, au kukaa kwenye veranda na cherehani ya mwenye duka. Mlango wa duka lenyewe haukuwa wake.

Kisha ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967, iliyowabana wafanyabiashara wasio raia kuhusu mahali pa kuuzia na bidhaa za kuuza. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini miaka iliyofuata, nyingine zikabaki na majengo lakini zikaacha kuuza. Baba mkwe wa Mama aliingia dukani kwa mlango huo: alinunua shehena ya vitambaa kwa mtu aliyekuwa akifunga mizigo, akabaki mpangaji wa familia yenye jengo. Mama mwenyewe huwa halisemi hili, na sidhani ni la kumlaumu. Ila nalitaja kwa sababu mara hii naye alikuwa upande wa wanaofunga mizigo.

Notisi

Familia yenye jengo iliuza. Wazee wamekufa, watoto wako nje, hakuna aliyetaka kuendelea kukusanya kodi ndogo na kuziba mabati yanayovuja. Mnunuzi alitaka ploti, jengo kwake lilikuwa gharama ya kubomoa. Sitamwita mwizi. Alinunua kihalali, alilipa kodi za serikali, na mji unaokua unahitaji mahali pa kujenga.

Notisi ilikuja kwa utaratibu. Kenya ina sheria maalumu kwa wapangaji wa aina hii, Sura ya 301, iliyopitishwa mwaka 1965 kwa ajili ya maduka, hoteli na majengo ya vyakula. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kuambiwa tu “ondoka mwisho wa mwezi”. Mwenye jengo lazima atumie fomu iliyowekwa, atoe muda usiopungua miezi miwili, na ataje sababu inayokubalika kisheria. Kutaka kubomoa au kujenga upya ni mojawapo ya sababu hizo, ikiwa kazi haiwezi kufanyika mpangaji akiwa ndani. Mpangaji naye ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au anakataa, na asipokubali anapeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya notisi haijafika. Akikaa kimya, notisi inamaliza kazi yake.

Notisi ilikuwa moja, kwa jina moja, la Mama. Aliiweka kwenye droo ya pesa kwa karibu wiki tatu bila kumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini. “Ningewaambia, wangeanza kutafuta kwingine, na mimi ningebaki na duka tupu katikati ya msimu.” Jibu hilo liliniudhi wakati ule, na linaniudhi hata sasa, ingawa hesabu yake naielewa. Fundi alijua siku walipokuja vijana wa kupima ploti na kamba zao, wakamwomba asogeze cherehani.

Mama alikuja kwangu siku za mwezi wa kujibu zikiwa zimekaribia kwisha. Tukaandika jibu la kukataa, akapata wakili, shauri likafunguliwa. Kwenye kesi za namna hii hoja kubwa huwa ni kama nia ya kubomoa ni ya kweli: je, ramani zimeidhinishwa, pesa za ujenzi zipo, au ni njia tu ya kumtoa mpangaji ili aingizwe anayelipa zaidi? Mnunuzi alikuwa na kila kitu. Kwa hiyo kubaki hakukuwezekana, na wakili alimwambia hivyo mapema, jambo ambalo si mawakili wote hulifanya. Kilichobaki mezani ni pesa. Sheria hiyo inalipatia baraza uwezo wa kuamuru mpangaji alipwe fidia kwa marekebisho aliyoyafanya kwa idhini ya mwenye jengo, na kwa gudwili.

Hawakufika kwenye uamuzi. Mnunuzi alitaka ploti iwe tupu haraka, Mama alitaka pesa kabla ya Januari, wakakubaliana kwa maandishi. Kiasi sitakitaja. Kilitosha kulipa kodi ya awali ya chumba kingine na kuongeza shehena.

Aliyekuwa na haki na hakujua

Hapa ndipo kisa kinaponikera zaidi. Fundi alidhani hana haki yoyote kwa kuwa hakuwa na risiti, na kila mtu aliyemzunguka alidhani vivyo hivyo. Lakini sheria ile ile, inapoeleza mpangaji ni nani, humhesabu na mpangaji mdogo, yaani aliyepangishwa na mpangaji. Na maana yake ya duka inajumuisha mahali pa kutoa huduma kwa malipo, si kuuza bidhaa peke yake. Sisemi angeshinda. Wakili wa upande wa pili angesema veranda si chumba, kwamba Fundi alikuwa ameruhusiwa tu kukaa, kwamba mapazia si kodi. Hizo ni hoja nzito. Ila alikuwa na la kusema, na alikuwa na ushahidi kuliko hata Mama: lile boksi la madaftari, tarehe juu ya kila ukurasa, namba za simu za watu ambao wangeweza kuitwa, na malipo yoyote aliyoyatuma kwa simu ambayo bado yangeweza kuchapishwa kwenye taarifa ya M-Pesa.

Hakuna aliyemwambia. Mimi nililetewa notisi ya Mama, nikamsaidia Mama. Wakili alilipwa na Mama. Kijana wa vifungo alihama wiki moja kabla ya muda kwisha, akaanza kutembeza bidhaa zake kwenye trei kule steji. Mzee wa viatu aliendelea kufagia veranda hadi siku ya mwisho.

Linganisha na yaliyotokea wazi. Mwaka 2019 vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ufukweni, vilipobomolewa bandari ikifufuliwa, mji mzima uliona vumbi na magazeti yakaandika. Wengine waliondolewa kwenye ardhi ya shirika la reli, na baadaye kwenye ardhi hiyo likajengwa soko kubwa la Uhuru Business Park. Unaweza kubishana kama soko hilo liliwafaa waliotakiwa kufaidika, lakini angalau kulikuwa na umati, kulikuwa na viongozi wa kupigiwa kelele, na serikali ilijua kuna watu wa kuwekwa mahali. Jengo la mtu binafsi likiuzwa, wanaohama ni wanne. Hakuna orodha. Kaunti haina jina la mzee wa viatu popote, isipokuwa labda kwenye kitabu cha waliowahi kukamatwa na kanjo, askari wa kaunti.

Walipokwenda

Mama alipata chumba mtaa wa pili, kizuri zaidi kuliko cha kwanza: sakafu ya vigae, taa nyeupe, choo kinachofanya kazi. Fundi akapata kibanda ndani ya soko, safu ya nyuma. Ramani ingekuonyesha hawako mbali, unatembea muda wa kumaliza chupa ya soda. Mauzo ya wote wawili yalianguka.

Niliwauliza kila mmoja kwa wakati wake, na majibu yao ukiyaweka pamoja yanafungana. Kwa Mama, mteja anaingia, anapenda kitambaa, halafu anauliza, “Na fundi yuko wapi?” Akielekezwa anasema atarudi. Harudi. Kwa Fundi, mteja aliyefika hadi safu ya nyuma tayari amepita mafundi wanane, na kama hakubeba kitambaa, kuna mwenye kibanda cha vitambaa pale pale sokoni mwenye fundi wake. Zile suruali za mitumba ziliisha kabisa, maana hakuna mtu anayeingia ndani ya soko, achepuke safu tatu, kwa ajili ya pindo la suruali moja. Kazi ile ilimtaka awe njiani.

Kila mmoja alipohesabu alichokuwa nacho, alihesabu vitu: mita za kitambaa, cherehani, rafu. Fidia nayo ilihesabiwa hivyo hivyo. Lakini aliyekuwa akiwaletea wateja wote wanne ni ule mpangilio wa mlango, dirisha, meza na ngazi, na huo haukuandikwa kwa jina la mtu, kwa hiyo haukuhama na mtu. Hata kama kila mmoja wao angelipwa sawasawa, kuwatawanya peke yake kulitosha kuwapunguzia kipato.

Mzee wa viatu alijaribu kukaa chini ya ukingo wa jengo la benki. Mlinzi akamwondoa kwa heshima mara ya kwanza, na mara ya pili bila heshima. Sasa yuko Kondele, kwa mpwa wake, na huwa anashona viatu mbele ya nyumba kwa majirani.

Majonzi ya wenye simu

Siku chache baada ya paa kushushwa, picha za jengo zilizagaa. Nyingine zilikuwa nzuri kweli: nguzo za mbao, milango ya kukunja, herufi zilizochorwa kwa mkono juu ya mlango, rangi ya kijani iliyopauka. Watu walioko Nairobi, London na Toronto waliandika kwamba Kisumu yao inakufa. Mmoja alikumbuka suti yake ya kwanza ya harusi. Mwingine alipendekeza ukuta wa mbele ungeachwa na jengo jipya lipande nyuma yake. Watu walipiga makofi.

Nami napenda majengo hayo, nisije nikaonekana adui wa nguzo. Na njia ya kuyalinda ipo: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kumbukumbu, na likitangazwa haliguswi hivi hivi. Mtaa wa zamani wenye majengo mawili matatu yaliyolindwa namna hiyo ungekuwa jambo jema. Lakini tuseme ukuta ule ungebaki, rangi ikapakwa upya, na nyuma yake pakawekwa mkahawa wa kahawa ya bei. Wapiga picha wangefurahi. Fundi bado angekuwa safu ya nyuma. Sheria ilimtambua mwenye risiti, na wapenzi wa zamani wakautambua ukuta. Hakuna upande uliokuwa na jicho la kuona dirisha ambalo vitambaa vilipitia.

Tena, katika wote walioandika kwa uchungu, sikumwona aliyesema alinunua kitu pale mwaka uliopita. Waliohitaji lile jengo kila wiki ni wazazi wa Ahero na Nyakach, wenye sare za kushonesha. Hao hawakuposti kitu. Walifika, wakakuta mabati, wakaulizana njia.

Na veranda yenyewe haikuwa pepo. Mabati yalivuja juu ya ovaloki. Choo kilikuwa kimoja, nyuma, na ufunguo ulikaa kwa Mama, hivyo kijana wa vifungo alilazimika kuuomba kila mara kama mtoto wa shule. Nyaya za umeme zilipita juu ya vitambaa kwa namna ambayo kila nikiingia nilitazama juu. Anayesema jengo lingeachwa vile lilivyokuwa hajawahi kukaa humo siku nzima ya mvua.

Yaliyowezekana

Lililowezekana ni dogo kuliko kuokoa jengo. Siku notisi ilipoingia, Mama angewaita watatu wale wakae chini. Shauri lingefunguliwa kwa majina mawili, la Mama na la Fundi, na hata kama la Fundi lingekuwa dhaifu, lingempa kiti mezani wakati wa kuafikiana. Mnunuzi mwenye haraka hulipa ili watu watoke, na wawili wenye shauri wanasumbua kuliko mmoja. Wangeweza kuomba kitu kisicho pesa pia: nafasi ya kwanza ya kurudi ghorofa ya chini jengo likikamilika, kwa kodi iliyoandikwa kabla ya kuondoka. Ahadi ya mdomo ya kurudi walipewa. Kila mpangaji anayebomolewa hupewa hiyo.

Na la maana zaidi kwangu, wangehama pamoja. Kile chumba cha vigae cha Mama kina kibaraza mbele, chembamba, lakini cherehani mbili zingeenea. Nilikipima kwa macho mara nyingi. Mwenye chumba alikataa “mambo ya nje”, na Mama hakubishana naye kwa kuwa alikuwa ametia sahihi kabla ya kuuliza.

Kaunti nayo ilikuwa na nafasi yake. Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, hakuna kujenga bila idhini ya kaunti, na mwombaji hutakiwa kuuarifu umma kuhusu mradi wake. Hapo ndipo pa kuuliza swali ambalo maofisa wa mipango hawajazoea kuulizwa: jengo jipya linampa mpita njia kivuli? Hili lililojengwa lina ngazi tatu, mlango wa kioo na mlinzi. Mvua ya saa tisa ikishuka watu hukimbia wakalipita. Tangu miaka ya mradi ule wa miji uliofadhiliwa na Wafaransa, na maandalizi ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, Kisumu imepata njia nzuri za waenda kwa miguu, kabro safi na pana. Ziko juani. Veranda ya zamani ilikuwa ardhi ya mwenye jengo iliyotumiwa na kila mtu, na hakuna kanuni niliyoona ikidaiwa mahali pa kuirudisha kwenye ramani mpya.

Jumba jipya

Jumba lilipokamilika Mama alikwenda kuulizia ile ahadi. Aliambiwa karibu sana, vibanda vipo, na kwa ghorofa ya chini anatakiwa deposti ya miezi mitatu pamoja na gudwili ya kuingilia, kama desturi ilivyo siku hizi katika maduka ya mjini. Yaani alipie kujulikana kwa mahali alipopafanya pajulikane. Alicheka aliponisimulia, kisha akasema bado analifikiria, maana wateja wa zamani huwa wanapita hapo wakimtafuta.

Fundi hajalifikiria. Kibanda cha ghorofa ya tatu alichoonyeshwa hakina nafasi ya meza ya kukatia, na akina mama wenye vifurushi hawapandi ngazi.

Kinachobaki kati yao ni pesa ya gudwili. Fundi alipata kujua kwamba Mama alilipwa, na kwamba sehemu ya malipo ilikuwa kwa ajili ya wateja. Akamwendea na daftari moja mkononi, akafunua kurasa. “Mama, hawa wateja walikuwa wako au wangu?” Mama akamjibu kwamba alimweka pale miaka yote kwa kodi ya chini, umeme juu, na kwamba wakili alilipwa na yeye. Akampa kiasi cha kununulia mota ya cherehani. Fundi alikipokea, maana alikihitaji, ila hakukubali kwamba ndiyo hesabu.

Waliponiomba niamue nilisema theluthi moja ya fedha ya gudwili ingekuwa haki, na kidogo kwa kijana na mzee. Theluthi si hesabu ya kisheria. Niliitoa kwa kutazama madaftari: kurasa nyingi zilikuwa na kile kipande cha kitambaa pembeni, na kitambaa hicho kilinunuliwa kwa Mama na mteja aliyekuwa amekuja kwa Fundi. Mama alisema nimemwonea. Wanasalimiana wakikutana njiani, wanaulizana habari za watoto. Lakini mteja akimuuliza Fundi akanunue wapi kitambaa cha sare, humwelekeza kwa yule wa sokoni.